Ahadi za Mtandao Zishuke Hadi Kasingirima



Mwanzoni mwa karne ya 20, waya wa telegrafu uliotoka kusini mwa Afrika ulipanda kwa kupita Nyasaland, ukafuata mwambao wa Ziwa Tanganyika, ukafika Ujiji, ukaishia hapo. Cecil Rhodes alikusudia waya huo uende mpaka Cairo, lakini haukwenda. Miaka 30 na kidogo kabla yake, yaani mwaka 1871, Stanley alipomkuta Livingstone katika mji huu huu, barua ya kwenda pwani ilichukua miezi njiani. Sasa neno liliweza kusafiri kwa waya. Lakini neno la nani? Waya ule haukuwekwa kwa ajili ya mvuvi wa Ujiji, wala kwa ajili ya mwanamke aliyekuwa akianika dagaa mchangani. Uliwekwa kwa ajili ya makampuni na wakubwa wa kikoloni. Ulipita juu ya vichwa vya wenyeji, nao wenyeji wakabaki kuutazama.

Hadithi hiyo ya kale inakumbushwa leo kwa sababu waya mwingine umefika. Intaneti ipo Ujiji. Simu za kisasa zinaonekana mikononi mwa vijana wa Kasingirima, na biashara ya dagaa na mawese haifanyiki tena bila ujumbe wa fedha kuingia kwenye simu. Basi swali linalostahili kuulizwa, na yafaa liulizwe hapa Kasingirima badala ya kusubiri liulizwe Dar es Salaam, ni hili: Je, waya huu wa pili ni wa wananchi, au nao unapita juu ya vichwa vyao?

Ahadi zipo, tena nyingi. Mwaka 1984 tume ya kimataifa iliyoongozwa na Sir Donald Maitland wa Uingereza ilisema kwamba mapema katika karne ya 21 karibu kila binadamu awe karibu na simu anayoweza kuitumia. Mei 1985 mataifa yalikutana Arusha, katika nchi yetu wenyewe, kuzungumza jinsi ya kuitekeleza kauli hiyo. Desemba 2003 yakakutana Geneva katika Mkutano wa Dunia wa Jamii ya Habari, yakapanga kwamba ifikapo mwaka 2015 vijiji, shule, vituo vya afya, maktaba, posta na ofisi za serikali za mitaa ziwe zimeunganishwa. Novemba 2005, huko Tunis, yakakubaliana kwamba usimamizi wa intaneti si kazi ya serikali peke yake wala ya makampuni peke yake. Ni kazi ya serikali, makampuni na wananchi kwa pamoja, kila mmoja kwa nafasi yake. Ndipo likaanzishwa Jukwaa la Usimamizi wa Intaneti, lililokaa kwa mara ya kwanza Athens mwaka 2006, likaja Nairobi mwaka 2011 na Addis Ababa mwaka 2022. Mei 2025 Jukwaa la Afrika la jambo hilo hilo lilifanyika Dar es Salaam. Na Septemba 2024, mjini New York, Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Kidijitali wa Dunia, ukiahidi kuwafikia watu bilioni 2.6 ambao wakati huo walikuwa hawajaunganishwa, na kuunganisha shule na hospitali zote.

Orodha hii imesomwa kwa makusudi. Mwananchi aweza kudhani kwamba maneno ya Geneva na New York ni maneno ya mabalozi, yasiyomhusu mtu wa Ujiji. Huko ni kukosea. Taifa linapoahidi mbele ya mataifa mengine kwamba watu wake watapata huduma fulani, wadai wa ahadi hiyo si Wauswisi wala Wamarekani, bali ni watu wa taifa hilo. Kwa maana hiyo Kasingirima inadai.

Ni haki pia kusema yaliyotendwa, maana mdai mwaminifu huhesabu kwanza alicholipwa. Sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilitungwa mwaka 2006, ili makampuni ya simu yachangie kupeleka huduma mahali ambapo faida ni ndogo. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zilifika pwani yetu, na ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa mawasiliano ukaanza. Mei 2023, Dodoma, ilitiwa sahihi mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Kwa mkoa kama Kigoma, ulio mwisho wa reli, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na ambao kwa miaka mingi umeme wake ulitokana na majenereta ya mafuta, hayo si mambo ya kubeza.

Lakini mnara si mawasiliano, kama vile bomba si maji. Wakubwa hupenda kuhesabu laini. Mwishoni mwa mwaka 2024 laini za simu zilizokuwa zikitumika nchini zilizidi milioni 80, katika nchi ambayo sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, watoto wachanga wakiwemo. Maana yake ni rahisi: kuna mtu mwenye laini tatu, na kuna mtu asiye na hata moja. Hesabu ya laini huwaficha watu wa namna hiyo ya pili, na hao ndio mataifa yaliowaahidi.

Mtu asiye na laini Kasingirima ni nani? Hapa ndipo jambo lenyewe lilipo.

Tangu Mei 2019 laini zimekuwa zikisajiliwa kwa alama za vidole pamoja na namba ya kitambulisho cha taifa, na kuanzia Januari 20, 2020 laini zisizosajiliwa kwa njia hiyo zikaanza kuzimwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa nzuri: kuzuia utapeli na uhalifu. Hakuna atakayeteta matapeli. Lakini amri moja iliyotolewa kwa nchi nzima haiangukii mahali pote kwa uzito mmoja. Iringa au Singida, mwombaji wa kitambulisho hupeleka karatasi zake akasubiri. Kigoma ni mkoa wa mpaka. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, kaskazini ni Burundi, na mkoa umepokea wakimbizi kwa miongo mingi. Kwa hiyo mwombaji huulizwa zaidi: babu alizaliwa wapi, bibi aliolewa kutoka wapi, kwa nini jina la ukoo linafanana na la watu wa upande wa pili. Malalamiko ya wananchi wa Kigoma juu ya jambo hili yamesemwa mara nyingi hadharani, na hata bungeni.

Sasa itazame Ujiji. Mji huu ulikuzwa na misafara ya karne ya 19. Wamanyema walivuka ziwa wakaja kukaa, Wabwari nao, wakakutana na Waha, Wajiji, Waswahili wa pwani na Waarabu. Kiswahili cha Ujiji ni matokeo ya kuvuka huko. Kumwuliza mzee wa Kasingirima iwapo babu yake alitoka ng'ambo ni kama kumwuliza mtu wa Zanzibar iwapo babu yake alikuja na jahazi. Alitoka, naam, kabla mipaka haijachorwa, na wajukuu zake wamelipa kodi, wamejenga shule na kupiga kura katika nchi hii tangu ilipopata uhuru. Hakuna anayesema uraia ugawiwe kama pipi. Mpaka lazima ulindwe, na mwenye kudanganya akamatwe. Lakini mwenye haki anapokaa miaka akingojea namba, huku hapewi jibu la ndiyo wala la hapana, yeye hakosi kadi peke yake. Hawezi kusajili laini kwa jina lake, na asiye na laini hawezi kupokea fedha za dagaa wake, wala kupata ujumbe wa hospitali, wala kuwa na akaunti ya fedha ya simu. Hutumia laini ya mtoto wa jirani. Siku mtoto huyo akihamia Kasulu, biashara imekwenda naye.

Basi ahadi ya New York, kwa mtu huyu, haikukwamia New York. Haikukwamia kwenye mnara pia, maana mnara anauona kila siku. Imekwamia kwenye faili lililo juu ya meza. Na katika mikutano yote ya usimamizi wa intaneti, ni mara chache meza hiyo hutajwa, kwa sababu wanaokaa kule hawana tatizo la vitambulisho. Wanavyo viwili, na pasi ya kusafiria juu yake.

Wanawake wana shida ya ziada. Biashara ya kukausha na kuchuuza dagaa katika mialo ya Kigoma, kama Kibirizi na Katonga, hutegemea sana mikono yao. Mwanamke huyo mara nyingi ana simu ndogo ya kitochi, ambayo hupokea fedha lakini haifungui fomu ya mtandaoni. Simu janja, ikiwa ipo nyumbani, ni ya mume au ya kijana. Tume ya kimataifa ya intaneti ya kasi iliweka shabaha kwamba ifikapo mwaka 2025 kifurushi cha chini cha mwezi kisizidi asilimia 2 ya wastani wa pato la mwezi la mtu. Shabaha nzuri. Lakini wastani ni kitu cha ajabu: pato la mwenye meli na pato la mwenye ungo wa dagaa hujumlishwa, likagawanywa, na mwenye ungo akaambiwa kwamba kifurushi ni nafuu. Aidha ziwa lenyewe lina miezi yake ya neema na miezi ya njaa, na siku za mbalamwezi mwavuvi hawendi kwa taa. Bei ya kifurushi haiujui mwezi.

Kisha kuna wale ambao wameunganishwa, nao wakajuta. Mikopo ya kwenye simu iliingia kwa kasi. Mtu hupakua programu, hubonyeza kukubali maneno marefu yaliyoandikwa kwa Kiingereza, na kwa kubonyeza huko huitoa orodha yote ya majina yaliyomo katika simu yake. Akichelewa kulipa, shemeji, mwalimu wa madrasa na mwenye nyumba wote hupata ujumbe wa kumwaibisha. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilikuwa imekwisha kutungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Chombo kipo na sheria ipo. Aliyeaibishwa Kasingirima ajue vipi kwamba anaweza kushitaki, na apeleke shitaka kwa nani, ikiwa mtu wa karibu naye mwenye muhuri ni Mtendaji wa Mtaa, ambaye naye hakuelezwa?

Liko na jambo jingine, ambalo si rahisi kulisema lakini haliachiki. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini, na ilirudi baada ya siku kadhaa. Mkataba wa New York, uliopitishwa mwaka mmoja kabla, unayataka mataifa yajiepushe na kuzima intaneti. Wapo watakaosema usalama wa taifa hutangulia, na hoja hiyo ina uzito wake, maana asiye salama hana biashara. Hata hivyo taifa lililowahimiza watu wake waweke fedha zao, masomo yao na barua zao kwenye mtandao limebeba wajibu mpya, sawa na wajibu wa mwenye kivuko: abiria akiwa katikati ya maji, injini haizimwi kwa neno la mtu mmoja pasipo utaratibu unaojulikana, muda unaojulikana na mtu wa kuulizwa baadaye. Jambo hili lilistahili kujadiliwa na wananchi kabla halijatokea. Kwa kuwa halikujadiliwa kabla, na lijadiliwe sasa.

Ahadi za kimataifa hufikaje basi mtaani? Mkoa huu una mifano, mmoja wa kuhuzunisha na mmoja wa kufundisha.

Mwaka 2016 Manispaa ya Kigoma-Ujiji ilichaguliwa kuwa miongoni mwa serikali za mitaa 15 duniani zilizoingia katika majaribio ya Mpango wa Uendeshaji Serikali kwa Uwazi. Katika Afrika Mashariki walikuwa wawili tu, Kigoma-Ujiji na kaunti ya Elgeyo-Marakwet ya Kenya. Yaani mji wa mwisho wa reli uliketi meza moja na Paris na São Paulo, ukaahidi kuwafungulia wananchi taarifa zake. Katikati ya mwaka 2017 Tanzania ilijitoa katika mpango huo, na jaribio la Kigoma likafia hapo. Sababu za kujitoa zinaweza kubishaniwa. Lisilobishaniwa ni kwamba ulipokufa, watu wengi wa mitaani hawakujua kwamba umekufa, kwa kuwa hawakujua kwamba ulizaliwa. Ahadi iliyokaa ofisini huondoka na barua moja. Kama mitaa ya Kasingirima ingekuwa imezoea kusoma mapato na matumizi ya manispaa kila mwezi, barua ya kujitoa isingeweza kuwaondolea mazoea hayo.

Mfano wa kufundisha ni ziwa. Mwaka 2003, mwaka ule ule wa Geneva, Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilitia sahihi mkataba wa kulisimamia Ziwa Tanganyika. Mkataba huo nao ulikuwa wa mabalozi. Lakini mwaka 2024 uvuvi ulipofungwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, kila mvuvi alijua ni lini, kwa nini na nani wa kulalamikiwa. Wengi waliumia, na wengine walinung'unika kwa sauti kubwa. Ndiyo maana mfano huu ni mzuri: manung'uniko yalikuwa na pa kwenda. Kila mwalo una kikundi chake cha kusimamia rasilimali za uvuvi, chenye mwenyekiti, katibu na daftari. Mkataba wa mataifa manne ulikuwa na mguu mchangani. Mikataba ya intaneti haina mguu huo. Hakuna mwalo wa intaneti.

Na nchi hii inajua kuutengeneza. Mwaka 1973 serikali ilipotaka kila nyumba ijilinde na maradhi, haikuishia kutoa tamko. Kampeni ya Mtu ni Afya iliendeshwa kwa wiki 12. Redio Tanzania ilitangaza, vijitabu vikagawiwa, na viongozi wa vikundi, makumi kwa maelfu, wakafundishwa kazi moja tu: kuwakusanya watu, kusikiliza pamoja, kusoma pamoja, kuulizana, kisha kuamua kitendo kitakachofanyika kabla ya mkutano ujao. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Vyoo vilichimbwa, madimbwi yakafukiwa, nyasi zikafyekwa. Wakati huo wengi hawakujua kusoma, na redio moja ilisikilizwa na mtaa mzima. Leo vyombo ni bora mara mia. Kilichopotea ni kile kikundi na lile swali la mwisho wa mkutano: tutafanya nini kabla ya wiki ijayo?

Kata ya Kasingirima inaweza kuanza bila kungojea waraka. Kamati ya Maendeleo ya Kata hukutana kwa ratiba yake, hujadili madarasa, zahanati na mitaro. Mawasiliano nayo yawekwe katika ajenda, yasiletwe kama habari za mgeni. Wenyeviti wa mitaa waandike idadi ya watu wazima wasio na namba ya kitambulisho, na tarehe ambayo kila mmoja aliomba. Orodha hiyo, yenye tarehe na isiyo na matusi, ipelekwe kwa mamlaka ya vitambulisho na kwa idara ya uhamiaji pamoja na ombi moja: kila aliyezidisha miezi sita apewe jibu kwa maandishi, ndiyo au hapana, na akiambiwa hapana aelezwe mahali pa kukata rufaa. Mwaka 2003 Geneva iliahidi intaneti shuleni. Basi walimu wakuu wa kata waseme mbele ya wazazi ni shule ipi imeunganishwa, ni ipi ina kompyuta zilizofungiwa stoo, na ni ipi haina kitu, na jibu hilo lipelekwe kwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao ndio wenye wajibu.

Mawakala wa fedha za simu, ambao kwa kweli ndio watumishi wa intaneti wanaojulikana zaidi mtaani kuliko waziri yeyote, waitwe katika kikao. Wao wanajua nani hupoteza fedha kwa matapeli, kwa njia gani, siku gani za mwezi. Ujuzi huo haujapata kuulizwa. Wanawake wa dagaa wawe na viti vyao katika kikao hicho, na kikao kifanyike saa ambayo dagaa wamekwisha kuanuliwa. Kikao cha saa nne asubuhi kinawaacha nje hata kama mwaliko umewataja kwa majina.

Na haki za mtu katika sheria ya taarifa binafsi zibandikwe kwa Kiswahili kwenye ubao wa ofisi ya kata, pamoja na anwani ya Tume na maelezo ya jinsi ya kuandika malalamiko. Karatasi mbili zatosha. Kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne apewe meza siku moja katika wiki kuwaandikia wasioweza, kama waandishi wa barua walivyokuwa wakikaa nje ya posta zamani.

Jukwaa la Afrika likikaa tena, wajumbe wa Tanzania watakwenda na taarifa. Kwa kawaida taarifa huandikwa kwa hesabu za minara na laini. Safari hii daftari la Kasingirima na liwe mezani mwao: watu wangapi waliomba namba, wangapi walijibiwa, shule ngapi zina mtandao unaofanya kazi siku ya Jumatatu, na malalamiko mangapi yalipelekwa kwa Tume yakarudi na majibu.